Kabla hujafuma paterni ya Kiingereza, jua ni ya Mmarekani au ya Mwingereza

Wanaokuja kwangu kujifunza kufuma kwa kulabu (crochet) siku hizi huwa wameshapakua paterni, yaani maelekezo ya kufuma, kwenye simu: ya bure, picha safi, kofia ya mtoto mchanga. Tunaanza vizuri, halafu kofia inarefuka mpaka inamfaa mpishi wa hoteli. Mkono hauna kosa. Paterni ni ya Uingereza, na sisi tumeisoma Kimarekani.

Kiini cha matatizo ni dc, kifupi cha double crochet, jina la mshono. Mmarekani akiandika dc, unazungusha uzi kwenye kulabu, unaingiza, unavuta uzi, unapata vitanzi vitatu. Unapitisha uzi kwenye viwili, kisha kwenye viwili vilivyobaki. Mshono unasimama mrefu. Mwingereza akiandika dc hiyohiyo, huzungushi uzi mwanzoni: unaingiza, unavuta, unapitisha kwenye vitanzi vyote viwili, basi. Huo mfupi Mmarekani anauita sc (single crochet), na ule mrefu Mwingereza anauita tr (treble). Minyororo, ch, ni ileile kwa wote, ndiyo maana msingi hutoka sawa na balaa huanza mstari unaofuata.

Basi kabla ya kushika uzi, pitisha macho paterni nzima ukitafuta sc. Ukiiona, ni ya Marekani, maana Waingereza hawana mshono wa jina hilo. Usipoiona, tafuta neno la kuruka mshono: Mmarekani huandika skip, Mwingereza miss. Bendera ya mwandishi usiitegemee. Wapo Waingereza wanaoandika Kimarekani ili wauze zaidi.

Neno work nalo huwasumbua wanafunzi. Work 3 dc ni kufuma mishono mitatu, lakini work even ni kuendelea bila kuongeza wala kupunguza mishono.

Kulabu nunua kwa milimita tu. Namba za zamani za Uingereza zinakwenda kinyume: namba 8 ni milimita 4, namba 14 ni milimita 2. Muuzaji akikuambia "hii kubwa, namba 14", mwombe rula.

Halafu fuma kipande cha majaribio cha sentimita 10 kwa 10, ulinganishe na kipimo cha paterni, yaani idadi ya mishono na mistari inayotakiwa ndani ya sentimita hizo. Najua kinachosha, na wengi hunidanganya kwamba wamekifuma. Paterni isiyotaja kipimo wala milimita za kulabu mimi siigusi, hata iwe na picha nzuri namna gani. Za bure zimejaa.