Barua kwa mwanangu: mpira uliogusa mstari

Mjini, Unguja

Mwanangu,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Barua yako nimeipata. Umenieleza kwamba katika mechi ya kirafiki ya tenisi mliyocheza hapo Chake Chake, mwanafunzi wako wa Kidato cha Tatu alisema "nje" kwa mpira ambao wewe, uliyekuwa umesimama nyuma ya uzio, uliuona umegusa mstari. Kwamba pointi ile ndiyo iliyomaliza seti ya mwisho. Kwamba mpinzani wake hakubisha, timu yako ikatangazwa kuwa imeshinda, nawe ukanyamaza. Unaniuliza kama ulipaswa kuingilia kati, na kwa kuwa mimi nimewafundisha mchezo huu wasichana wa sekondari mpaka nilipostaafu, unataka kujua nilikuwa nikifanya nini jambo kama hilo linapotokea.

Kuingilia usingeweza. Pasipo na mwamuzi, na mechi za skuli zetu karibu zote hazina mwamuzi, kila mchezaji huamua mipira inayoanguka upande wake wa wavu, na mtu wa nje ya uwanja, awe mwalimu, mzee wa mwanafunzi au mshangiliaji, hana kauli. Tangu Januari 2025 kanuni za kimataifa zinawaruhusu waandaaji wa mashindano kukubali kocha atoe maelekezo akiwa nje ya uwanja, lakini ruhusa hiyo inahusu namna ya kucheza, haihusu mistari. Lau ungepaza sauti siku ile, mpira wa pili wenye utata angepaza sauti mwalimu wa upande wa pili, na jioni yote ingegeuka ugomvi wa walimu mbele ya wanafunzi wao. Kwa hiyo ukimya wako uwanjani sina neno nao. Ninaloona halifai ni kwamba, kwa maelezo yako mwenyewe, mmerudi skuli, wiki imepita, na kijana bado hajasikia kitu kutoka kwako.

Kabla hujamwita, usimhukumu moyoni kwamba amesema uongo. Wewe uliutazama ule mstari kwa urefu wake, jicho likiufuata kutoka nyuma, ilhali yeye aliutazama kwa kuukata, tena akikimbia, kichwa kikicheza, na mpira ukija kwa kasi. Mpira wa tenisi una kipenyo cha kama sentimita 6.5, na mstari wa pembeni hauzidi sentimita 5 kwa upana. Ukichanganya na chokaa iliyofifia na jua la baada ya Alasiri, si ajabu mtu mkweli akasema jambo lisilokuwa. Ila kanuni imeshalizingatia hilo: mpira ukigusa mstari hata kwa ukingo wake umeingia, na mwenye shaka humpa mpinzani. Wasichana wangu nilikuwa nikiwaambia hivi: ukiona saruji kati ya mpira na mstari, sema nje, na useme papo hapo, usipoiona, cheza. Wanapocheza wawili wawili, mmoja akisema ndani na mwenziwe akisema nje, mpira huo ni ndani, hakuna mjadala.

Kuna kifungu kingine ambacho nadhani vijana wako hawakijui, kwa sababu hata walimu wengi niliokutana nao hawakijui. Mchezaji akisema "nje" kisha yeye mwenyewe akatambua kwamba mpira uliingia, pointi hurudiwa, isipokuwa kama pigo lile lilikuwa la kushinda pointi moja kwa moja, au kama alishakosea namna hiyo mara nyingine katika mechi hiyo hiyo. Hapo pointi ni ya mpinzani. Kifungu hiki kinampa mtoto njia ya kurudi bila kuonekana mwongo. Kifundishe mapema, kabla hata ya kufundisha pigo la kuanzia, kwa sababu mtoto asiyejua kwamba kurudi nyuma kunaruhusiwa hung'ang'ania neno lake mpaka mwisho.

Kuhubiri peke yake hakusaidii. Nililijua hilo baada ya kuwaona wasichana waliokuwa wakiitikia vizuri nasaha za mwalimu wakibishana uwanjani saa hiyo hiyo. Kilichosaidia ni chokaa. Nilikuwa nikipaka mstari wa nyuma chokaa nzito, na kabla haijakauka sawasawa nawaweka wawili wacheze, wengine wanne wanasimama pembeni na vipande vya karatasi, kila mmoja anaandika "ndani" au "nje" bila ya kumwonyesha mwenziwe. Kisha tunakwenda kuangalia alama. Walikuwa wakicheka mwanzoni, halafu wakianza kunyamaza, kwa sababu karatasi zilionyesha kitu ambacho hakuna aliyekitarajia: makosa yao hayakuwa yamegawanyika sawa, bali yaliegemea upande wa rafiki zao. Hakuna aliyekusudia. Baada ya zoezi hilo sikuhitaji kusema mengi, kwani kila mmoja alijua kwamba jicho lake lina upendeleo, na ndiyo maana shaka ikapewa mpinzani.

Jambo la upepo uliangalie pia. Uwanja wenu, kama viwanja vingi vya tenisi, umeelekezwa kaskazini na kusini ili jua la jioni lisimpige mchezaji usoni, na hivyo Kusi na Kaskazi hupita kwa urefu wa uwanja. Wakati wa Kusi, mpira unaopigwa kutoka upande wa kusini husukumwa na upepo na kuangukia karibu na mstari wa nyuma wa upande wa kaskazini, na huko ndiko ugomvi mwingi hutokea. Kaskazi ikianza, ugomvi huhamia upande wa pili. Chokaa yenu ikiwa kidogo, anzeni kupaka mstari wa upande huo.

Sasa huyo kijana. Muite peke yake kabla ya mazoezi, na usimuulize kwa nini alidanganya. Muulize aliuonaje mpira ule. Akisema aliuona nje, mpeleke uwanjani, msimamishe pale alipokuwa, wewe uweke mpira mahali ulipouona umeanguka, umwache atazame. Akikubali kwamba alijua umeingia, basi matokeo ya mechi hayabadiliki, kwani mechi iliyokwisha imekwisha, lakini maneno ya kumwambia mpinzani wake ayatoe mwenyewe kwa kinywa chake, wala usimtangulie kwa kumpigia simu mwalimu wa skuli ile ukaomba radhi kwa niaba yake. Wala usimtoe katika timu. Mtoto aliyetolewa hujifunza kuficha vizuri zaidi.

Na wafundishe wote haki ya yule mwingine, yule aliyekubali bila kubisha. Anaruhusiwa kumuuliza mpinzani kwa adabu, "Una hakika?", na akiona mambo hayo yanazidi anaweza kuomba mwamuzi apatikane kwa sehemu ya mechi iliyobaki. Watoto wetu tumewalea wasimbishie mtu, na hasa wasichana, ambao walikuwa wakipoteza gemu nzima kwa kuona haya kuuliza neno moja. Jambo hili nililitengea muda mrefu kuliko nilioutengea pigo lolote la raketi.

Usidanganyike, hata hivyo, kwamba ukweli utakushindia mechi. Nilikuwa na msichana aliyempa mpinzani pointi ya mwisho kwa sababu hakuwa na hakika, akapoteza mechi, na baba yake akaja skuli siku ya pili kuniuliza ninawafundisha watoto kushinda au kushindwa. Nilimkaribisha akae, nikamweleza kanuni, akaondoka bila kuridhika, na sikumlaumu. Wazee wa namna hiyo utawapata. Wape chai.

Nimesoma kwamba Wimbledon wameondoa waamuzi wa mistari mwaka 2025, baada ya miaka 147, na sasa mitambo ndiyo inayosema "nje". Kwa mabingwa ambao pointi moja kwao ni fedha nyingi, sawa. Kwa wanafunzi wa sekondari nisingeutaka mtambo huo hata tungepewa bure, kwa sababu ungewaondolea kazi pekee ya mchezo huu ambayo mwalimu hawezi kuwafanyia.

Umetaja pia kwamba unapanga nafasi za timu kwa kutazama mazoezi na kuchagua mwenyewe. Acha hilo. Weka ngazi: majina yabandikwe ukutani kwa mpangilio, wa chini ampe changamoto aliye juu yake, anayeshinda apande. Kila wiki zichezwe mechi kama hizo bila ya wewe kuwapo uwanjani, kisha wote wawili waje wakupe matokeo kwa pamoja. Wakija na matokeo mawili tofauti, utajua pa kuanzia.

Kijana wako mpange wiki ijayo na yule anayemfuata kwa karibu, na kwa kuwa ni msimu wa Kusi, aanzie upande wa kaskazini. Wewe nenda ofisini ukasahihishe madaftari.

Wasalimie walimu wenzako, na mkeo mwambie khanga zake nimezipata.

Mama yako