Kujazia si kuongeza: nilichojifunza stoo

Nilipoanza kazi ya kutunza stoo, daftari langu lilijaa neno moja: ongeza. Ongeza karatasi. Ongeza betri. Ongeza glavu. Nilichoandika kiliagizwa, na kila mzigo ulipoingia niliona nimetimiza wajibu. Asubuhi moja glavu zikaisha kabisa. Watu wamesimama dirishani wananisubiri, na nyuma yangu karatasi zimepangwa hadi zinakaribia dari. Iliniuma, maana fedha ya glavu ilikuwepo. Imelala kwenye zile karatasi.

Mkuu wangu wa kazi, mama mmoja mtulivu, hakunigombeza. Alichukua daftari, akakata "ongeza" na juu yake akaandika "jazia". Kisha akaniuliza, "Unajazia mpaka wapi, mwanangu?" Sikuwa na jibu.

Tangu siku hiyo nalipenda neno hili na nalitumia kwa uangalifu. Jazia limetoka kwenye jaza, na jaza limetoka kwenye jaa. Kujaa kumo ndani ya neno lenyewe, na kitu hakijai kama hakina ukingo. Wahenga waliposema haba na haba hujaza kibaba, walitaja kipimo kilichojulikana: vibaba vinne, pishi moja. Kuongeza hakuulizi ukingo. Unaweza kuongeza hata juu ya kilichofurika.

Kwa hiyo, kabla hujaagiza, kipe kila kitu namba mbili: kikijaa ni ngapi, na kikibaki ngapi uagize. Hiyo ya pili ndiyo inayosumbua. Mimi huipata hivi. Tuseme glavu zinatoka boksi 4 kwa siku, na mzigo huchukua siku 6 kufika. Hizo ni boksi 24. Naweka 8 za tahadhari, mzigo usije ukachelewa, jumla 32. Zikibaki 32 naagiza siku hiyohiyo, hata kama rafu bado inaonekana imeshiba.

Sasa, kiasi gani? Hapa nilikosea kwa muda mrefu. Kama kujaa ni boksi 80, nilikuwa natoa 32 kwenye 80 na kuagiza 48, halafu nashangaa rafu haijai kamwe. Nilisahau kwamba mzigo ukiwa njiani, boksi 24 nyingine zinatoka. Utakapoingia utakuta 8 tu. Kujazia kwa kweli ni kuagiza 72.

Vitu vinavyoharibika au vyenye tarehe ya mwisho, vishushie kiwango cha kujaa, na vya zamani vitangulie mbele.

Na kilichoagizwa lakini hakijafika, kiandike kwenye kadi ya kitu hicho siku ileile unayoagiza. Usipokiandika, mwenzako wa zamu ataona pengo kwenye rafu na ataagiza tena, na hatakuwa na kosa.