Karatasi inatoka njano, inarudi ndani, kwani ina nini?

SWALI: Asalaam aleikum mhariri. Juzi nlienda studio moja huku Mwembe Tayari kutoa picha ya harusi ya dadangu, karatasi ikachomoza njano tupu kama imemwagiwa bizari, nkajua basi mashine imekufa. Mara ikavutwa ndani, ikaja na wekundu, ikarudi tena, safari ya nne ndo ikatoka picha safi na haichafui mkono. Yule kijana kumuuliza anacheka tu ati "ndo printa hio". Mbona mara nne, na wino uko wapi manake sikuona chupa ata moja?
Msomaji, Bondeni

JIBU: Waaleikum salaam ndugu yangu. Chupa hungeiona, hio ni printa ya sablimesheni (jina ntalieleza chini), mle hamna wino wa maji. Kuna ribon, utepe mwembamba wa plastiki uliopakwa rangi kavu kwa vipande vikubwa kama picha yenyewe, njano kisha majenta (huo wekundu wako) kisha samawati, alafu kipande kisicho na rangi. Kila kipande safari moja, ndo hizo nne. Ile ya mwisho ni ngozi tu ya kukinga maji, alama za vidole na jua.

Sasa utamu uko kwa moto. Kichwa cha printa kina vihita vidogo sana vimejipanga mstari, mara nyingi 300 kila inchi, kwa hivo upana wa inchi 6 ni vihita 1,800, na kila kimoja kinapanda na kushuka joto peke yake, kama ngazi 256 hivi. Moto ukizidi rangi nyingi inahama kutoka kwa ribon, ukipungua inahama kidogo, tena haikai juu ya karatasi, inazama kwa ile ngozi ya plastiki iliyopakwa juu yake, kama hina inavoingia mkononi mwa bi harusi. Ngazi 256 kwa rangi tatu ni zaidi ya rangi milioni 16, na ndo maana uso hauna vile vitone vya printa ya wino. Na kanzu nyeupe ya shemeji yako? Hapo haikuchapwa rangi yoyote, unaona karatasi yenyewe!

Sasa hilo jina la printa, sablimesheni, ni ile hali ya kitu kigumu kuwa mvuke bila kuyeyuka, kama vidonge vyeupe vya kabatini vinavoisha kati ya kanga bila kuacha maji. Ingawa wajuzi wanasema humu rangi inapenya tu moja kwa moja bila kuwa mvuke, basi jina lishakwama.

Vumbi ndo adui, chembe moja kwa kichwa unapata mstari picha nzima.

Na hili hukuuliza ila ntakwambia: palipotoka rangi kwa ribon panabaki peupe, kwa hivo sura yako inabaki pale kinyume kinyume, kama negativu za zamani. Ukichapisha picha ya pasipoti ama kadi ya kazi, muulize huyo kijana ribon ikiisha anaitupa wapi.