Kabla hujanunua kichwa cha treni cha kwanza: kwa anayeanza kukusanya treni ndogo za modeli

Siku utakayoingia kwenye chama cha wapenzi wa treni ndogo, iwe Ujerumani, Uingereza au Marekani, usianze kwa kuuliza bei. Waulize wazee waliopo: ukilazimishwa kubaki na kichwa kimoja tu cha treni, utabaki na kipi? Mimi nimelirudia swali hilo kila ninapotembelea chama kipya hapa Ujerumani ninakoishi, na ni nadra mtu kutaja kile cha bei kubwa kilicho kabatini. Mmoja atakutolea kitreni cha bati cha kutia ufunguo, rangi imebanduka nusu nzima. Mwingine atakuonyesha kichwa cha dizeli cha plastiki, cha kawaida kabisa, kwa kuwa baba yake aliendesha cha aina hiyo na namba iliyo ubavuni ndiyo ile ile. Wa tatu ana behewa la mizigo alilolikata mwenyewe kwa kadibodi akiwa kijana.

Wasikilize kwa makini, maana ukiwauliza sababu hawatakueleza habari za modeli. Watakueleza habari za reli ya kweli. Hapo ndipo ushauri wangu wote unapotoka: tafuta kwanza reli inayokugusa, ijue vizuri, ndipo utoe pesa.

Nikisema reli ninamaanisha njia moja, mahali pamoja, katika miaka michache. "Treni za Ulaya" ni uwanja mpana mno, utanunua kila kinachong'aa na baada ya muda utakuwa na sanduku la vitu visivyojuana. Lakini ukisema "njia ya milima ya Gotthard, Uswisi, miaka ya 1930", maswali mengi yanajijibu yenyewe. Utajua vichwa gani vilipita hapo, mabehewa yalikuwa ya rangi gani, kama kulikuwa na nyaya za umeme juu ya reli, na stesheni zilijengwa kwa mawe au kwa mbao.

Gotthard nimeitaja kwa makusudi. Kuanzia mwaka 1919 reli za Uswisi ziliunda vichwa vya umeme vya kuvuta mizigo kwenye ile miinuko na kona zake kali. Kichwa hicho kina sehemu tatu zilizoungwa: katikati kuna transfoma na vyumba vya madereva, na mbele na nyuma kuna pua mbili ndefu zilizobeba mota. Kikipinda kona, kinapindika kweli. Watu walikitazama wakakiita Krokodil, mamba, na jina likakaa. Kampuni ya Märklin ya mji wa Göppingen ilitengeneza modeli yake, na miongoni mwa wakusanyaji wa Kijerumani ni vigumu kupata modeli inayopendwa kuizidi. Wengi wanaoanza huinunua kwa sababu ya sifa zake, kisha wanaiweka rafuni. Anayejua kwa nini ina pua mbili atatengeneza kona na mwinuko kwanza, apate kuiona ikifanya kazi iliyoundiwa. Modeli ni hiyo hiyo, lakini huyu wa pili ndiye atakayekaa nayo miaka.

Sasa vipimo, maana hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Kipimo kinachotumika zaidi duniani ni H0: kila kitu kimepunguzwa mara 87, na reli zake zina upana wa milimita 16.5. N imepunguzwa mara 160 na reli zake ni milimita 9. Z, iliyoletwa na Märklin mwaka 1972, imepunguzwa mara 220. Waingereza wana 00 yao, ambayo imepunguzwa mara 76 tu lakini inatembea juu ya reli zile zile za H0. Sababu ni kwamba treni za Uingereza ni nyembamba kuliko za bara la Ulaya, na mota za zamani hazikuweza kuenea ndani ya mwili mdogo kiasi hicho, kwa hiyo waliukuza mwili wakaziacha reli. Ndiyo maana kichwa cha Kiingereza kikisimama karibu na cha Kijerumani mezani huonekana kikubwa, ilhali katika maisha ya kweli ndicho kidogo. Usivichanganye ukitarajia vitapendeza pamoja.

Kama una ukuta mmoja tu wa chumba cha kupanga, chukua N. Kama una meza ya kutosha, H0, kwa sababu soko la vitu vilivyokwisha tumika ni kubwa na vidole vinaweza kufanya matengenezo bila miwani ya kukuzia.

Kuna jambo la umeme ambalo wauzaji wa mitumba hawakuambii. Modeli nyingi za H0 hupokea umeme kutoka reli mbili: moja chanya, nyingine hasi. Märklin tangu zamani ina njia yake, iitwayo ya reli tatu, inayopeleka umeme kupitia vichwa vya misumari midogo katikati ya mataruma, na magurudumu ya pande zote mbili yameungana kiumeme. Ukiweka kichwa cha Märklin juu ya reli za kawaida, unapata shoti papo hapo. Chagua mfumo mmoja kabla ya kununua chochote, na ukiwa huna uhakika, muulize muuzaji swali moja: ni cha reli mbili au cha reli tatu?

Wenzetu wa Afrika Mashariki walio huku huniuliza kama wanaweza kuijenga reli ya nyumbani. Wanaweza, na ningependa kuona wengi zaidi wakifanya hivyo. Njia ya zamani kutoka Mombasa hadi Kisumu, iliyoanza kujengwa 1896, ina upana wa mita moja kamili. Gawanya kwa 87 unapata milimita 11 na nusu hivi. Na kwa bahati njema reli za milimita 12 zinauzwa madukani kwa jina la H0m, kwa sababu njia nyingi za milimani Uswisi nazo ni za mita moja. Kwa maneno mengine, unaweza kuteremka kutoka Nairobi hadi Mombasa juu ya reli zilizotengenezwa kwa ajili ya Waswisi.

Na kichwa cha kutamani kipo. Shirika la Reli la Afrika Mashariki lilinunua vichwa 34 vya aina ya 59 kutoka kiwanda cha Beyer, Peacock cha Manchester katikati ya miaka ya 1950. Ni magarimoshi ya mvuke ya mtindo wa Garratt: bwela moja kubwa, yaani chungu cha kuchemshia maji, imening'inizwa katikati ya injini mbili, moja mbele, moja nyuma, kila moja ikizunguka upande wake kwenye kona. Kila kimoja kilikuwa na uzito wa tani 252 hivi, kilichoma mafuta mazito, na kilipewa jina la mlima. Hakuna garimoshi la mvuke la reli ya mita moja lililokuwa na nguvu kuyazidi. Katika makumbusho ya reli ya Nairobi kipo kimoja kiitwacho Mount Gelai, na jina hilo ni la mlima ulio Tanzania, karibu na Ziwa Natron. Magarimoshi hayo yalikuwa mali ya nchi tatu kwa pamoja, na kwangu mimi hilo ndilo linaloyafanya yastahili kuwekwa mezani. Kwa kipimo cha H0 kichwa hicho kinatoka na urefu wa sentimita 36 hivi. Kwa hiyo kabla ya kukata hata kipande kimoja cha plastiki, pima kona zako: bwela itatokeza ndani ya kona na matangi ya mbele na nyuma yatatokeza nje, na kila nguzo au ukuta ulio karibu utaguswa. Ukifika Nairobi, omba ruhusa upige picha ukiwa mkabala na ubavu wake, si kwa mshazari, na weka rula ya mita moja ndani ya kila picha. Picha nzuri bila kipimo haisaidii mjengaji.

Ukianza kuvutiwa na modeli za kale, jifunze kwanza ugonjwa wa zinki. Viwanda vya kabla ya Vita vya Pili vya Dunia vilimimina vipuri kwa aloi ya zinki, na pale madini ya risasi kidogo yalipoingia kwenye mchanganyiko, chuma hicho huvimba chenyewe kwa miaka, hupasuka, mwishowe humeguka kama biskuti. Hauna tiba. Huwezi kuuzuia kwa gundi wala kwa rangi. Kabla ya kununua kichwa cha miaka ya 1930, kigeuze, angalia magurudumu na fremu kwa kioo cha kukuzia, na ukiona nyufa nyembamba zinazotawanyika kama utando, kirudishe mezani hata kama bei ni ya kuvutia.

Kuhusu utunzaji nina msimamo, na wakusanyaji wengine hawakubaliani nami: kichwa unachokienzi kitembeze. Kikikaa ndani ya boksi miaka mingi, grisi hukauka na gia hunata, na siku ukikiwasha mota huhangaika hadi kuungua. Kitoe mara kwa mara, kitembeze polepole pande zote mbili. Mafuta ni tone dogo kwa ncha ya sindano, yale yasiyokula plastiki. Reli zifute kwa kitambaa chenye spiriti, usitumie msasa, kwa kuwa mikwaruzo hushika uchafu zaidi. Usiache modeli dirishani penye jua. Na ukinunua modeli ya shaba iliyokuja na sponji ya zamani ndani ya boksi, itoe sponji hiyo leo, maana huoza na kushikamana na rangi. Boksi lenyewe lihifadhi.

La mwisho ni kumbukumbu. John Allen wa Monterey, California, alijenga kwa miaka mingi mandhari ya reli ndogo ambayo wapenzi wa Marekani wanaitaja hadi leo. Alifariki Januari 1973, na siku chache baadaye moto ukateketeza sehemu kubwa ya kazi yake. Tunaijua kwa sababu alikuwa mpiga picha. Kwa hiyo kila kichwa unachokipata, kipige picha, na ndani ya boksi weka kadi: ni cha kampuni gani, ulikipata wapi, mota au taa gani umebadilisha, ni cha mfumo gani wa umeme, na kwa nini unakipenda. Andika kwa lugha ambayo watoto wako wanaisoma, kwa sababu wao ndio watakaolifungua boksi hilo, na muuzaji atakayekuja kuwapa bei ya jumla hatawaeleza kipi ni kipi. Nakala ya kadi na picha iweke nje ya nyumba yako, kwa ndugu au kwa katibu wa chama.