Jibu: Farasi Naivasha mwezi wa Aprili, mpandaji wa kilo 95

Salamu ndugu. Umeuliza kama mnaweza kutoka Nakuru kwenda Naivasha kupanda farasi siku tatu mwezi wa Aprili, wawili wakiwa wageni wa kupanda farasi na mmoja ana kilo 95.

Anza na uzito kabla hujalipa chochote. Farasi asibebe zaidi ya asilimia 20 ya uzito wake, tandiko likiwemo. Kilo 95 na tandiko la kilo 10 ni 105, kwa hiyo anahitaji farasi wa kilo 525 hivi. Wengi wana 450. Mwambie mwenye farasi kilo zenu halisi. Ukificha, atakayeumia mgongo ni mnyama.

Aprili ni masika, njia huteleza. Januari au Februari ni afadhali.

Wageni wapande kwa muda wa saa moja tu siku ya kwanza, siku ya pili saa mbili. Viatu viwe na kisigino kidogo, la sivyo mguu hupenya kwenye kikuku, yaani pete ya kukanyagia, na kunasa. Mkanda wa tandiko unaopita tumboni mwa farasi ukazwe tena baada ya dakika kumi, maana farasi hujaza pumzi anapotandikwa. Vidole viwili vipite kwa shida kati ya mkanda na tumbo. Na mrudi kabla ya magharibi: viboko hutoka ziwani kula nyasi.