Jela isiyo na ukuta: niliyoyaona Jaipur, na kwa nini naiwazia Moshi

Mkuu mwenye uzi, umeuliza mambo mawili: kama kweli kuna nchi ambako mfungwa anaishi na mke na watoto huku anatumikia kifungo, na kama kitu hicho kikiletwa kwetu kitakuwa haki au kudekeza wahalifu. Umeuliza kwa sababu mume wa dada yako yuko ndani Arusha na dada amebaki na watoto. Wengi hapo juu wamejibu kwa hasira, na hasira yao naielewa, maana wengine wameibiwa na wengine wamefiwa. Nitajibu kwa kirefu kwa kuwa nimeyaona kwa pande zote mbili. Nilisoma India, mji wa Jaipur, ambako gereza la aina hiyo lipo. Na kaka yangu, tumbo moja, alifungwa huku huku kanda ya kaskazini kwa kosa la kuua bila kukusudia.

Ndiyo, yapo. Yanaitwa magereza ya wazi. La Sanganer, pembezoni mwa Jaipur katika jimbo la Rajasthan, lilianza 1963 na lina jina la Sampurnanand, aliyekuwa gavana wa jimbo wakati huo na muumini mkubwa wa magereza ya namna hiyo. Wakazi wake ni mamia ya wafungwa, na wengi wao ni watu wa kifungo cha maisha kwa mauaji. Hapo ndipo watu hushtuka. Lakini hakuna anayetoka mahakamani moja kwa moja akapelekwa pale. Kwa kanuni za jimbo hilo za 1972, mtu awe kwanza amemaliza theluthi ya kifungo chake kwenye gereza la kawaida, ukijumlisha na siku anazopunguziwa, na tabia yake iwe imeonekana njema. Kamati inapitia jalada lake. Yapo makundi ya makosa ambayo hayaingii kabisa.

Akishafika pale, serikali inaacha kumlisha. Anatafuta kazi mjini kama mtu mwingine yeyote: ulinzi, udereva, kibarua cha ujenzi, duka. Anakaa kwenye nyumba ndogo na familia yake, chakula chao anakitafuta mwenyewe. Asubuhi wanahesabiwa, jioni wanahesabiwa. Wafungwa wana baraza lao, panchayat, linalosimamia hesabu, usafi na ugomvi wa majirani. Askari ni wachache sana. Asiyeitika jina jioni ni mtoro, na akipatikana anarudi nyuma ya ukuta.

Mlinzi wa mchana wa jengo tulilopanga na wenzangu alikuwa mkazi wa pale. Mwenye nyumba alituambia wazi wazi, bila kunong'ona, kwamba huyu bwana ana kifungo cha maisha, alimuua ndugu wa ukoo wao katika ugomvi wa shamba. Mwanzoni nilikuwa nikipita getini namtazama kwa jicho la pembeni. Alikuwa mtu wa makamo, mpole, na mfukoni mwa shati alikuwa na daftari dogo la matumizi. Rafiki yangu wa Kihindi alinisomea ukurasa mmoja: unga, mafuta ya kupikia, nauli, kalamu za mtoto, deni la fundi bati. Kila siku jioni alikuwa akitazama saa, anamkabidhi mwenzake ufunguo, anapanda baiskeli yake na kwenda zake gerezani. Hakuna aliyemsindikiza.

Jumapili moja alitualika. Nilitegemea kuona kambi, nikaona mtaa. Nyumba za chumba kimoja au viwili, bati juu, nguo kwenye kamba, watoto wanakimbizana. Mkewe alituchemshia chai ya maziwa yenye tangawizi na iliki, kama chai ya kwetu kabisa. Binti yao, wa umri wa darasa la tano hivi, alileta daftari la hesabu za sehemu, na baba akakaa naye chini kwenye mkeka akimwonyesha alipokosea. Saa ya kuitwa majina ilipofika akavaa ndala, akatoka, akasimama na wenzake, likaitwa jina lake, akaitika, akarudi kukaa palepale kwenye mkeka. Binti alikuwa hajamaliza swali alilompa.

Mkuu, niliporudi chumbani usiku ule sikumfikiria yule bwana. Nilimfikiria shemeji yangu, mke wa kaka.

Kihamba chetu, yaani shamba la ukoo lenye migomba na nyumba, kiko Old Moshi. Kaka aligombana na kijana wa jirani kwenye kilabu cha mbege, wakasukumana, yule kijana akaanguka vibaya na kufariki. Mahakama ilisema kuua bila kukusudia, na familia yetu hatukuwa na cha kubisha. Kaka alistahili kufungwa. Ninachosema ni kuhusu waliofungwa naye bila hukumu. Shemeji alibaki na watoto watatu. Alikuwa akiamka alfajiri kushusha mikungu ya ndizi hadi Kiboriloni, akiuza ndiyo wanakula. Siku ya kutembelea wafungwa alipanga foleni na sabuni na dawa ya meno kwenye mfuko, akapewa dakika chache za kuongea mbele ya watu, na zile dakika zikaishia kwenye ada, kwenye ng'ombe aliyeuzwa, na kwenye baba mdogo mmoja aliyekuwa ameanza kusogeza mpaka wa masale, ile mimea tunayopanda kuonyesha mipaka. Mkubwa wa kiume aliacha shule, akaenda kubeba mizigo stendi.

Kaka alitoka akiwa mtu mwingine, na simlaumu. Alikuwa amejifunza useremala mzuri ndani. Ila kwa miaka yote ile hakuwa amenunua hata penseli kwa ajili ya mwanawe. Mtoto wa mwisho alipohitaji hela ya daftari, alimpita baba yake ameketi kibarazani, akaenda hadi shambani kumwomba mama. Kaka aliona. Hakusema neno, ila tangu siku ile akaanza kutoka asubuhi na kurudi usiku. Shemeji naye alikuwa ameshazoea kuamua mwenyewe kila kitu, akashindwa kurudi kuwa wa kuuliza ruhusa. Nyumba ikakaa kwa shida kwa muda mrefu kuliko kifungo chenyewe.

Kwa hiyo wanaposema gereza la familia ni kudekeza, naomba wajiulize nani anadekezwa. Yule mlinzi wa Jaipur alikuwa anafanya kazi mchana kutwa na mshahara wake wote unaishia kwa mkewe na mtoto. Mfungwa wa gereza la kawaida anakula kodi yangu na yako, halafu anaturudishia mtu asiyejua bei ya unga. Mzigo ambao kaka angeubeba mwenyewe, aliubeba shemeji kichwani kushuka nao Kiboriloni.

Wala hili si wazo la Rajasthan peke yao. Ufilipino wana koloni la Iwahig kisiwani Palawan tangu 1904, shamba kubwa ambalo baadhi ya wafungwa walipewa vipande vya kulima na kuishi na jamaa zao. Mexico walikuwa na visiwa vya Islas Marías, vilivyofanywa koloni la wafungwa 1905 na kufungwa 2019, na huko pia familia ziliruhusiwa kuishi. Mimi lakini mfano wa visiwa siupendi. Mlinzi wa kisiwa ni bahari, na mke akihamia kule naye amezungukwa na bahari hiyo hiyo. Sanganer imefanikiwa kwa sababu iko kando ya mji wenye kazi. Mtoto anakwenda shule na watoto wengine, mama naye anaweza kutafuta kibarua chake. Hata Kanuni za Mandela za Umoja wa Mataifa, zilizopitishwa 2015, zinayataja magereza yasiyo na vizuizi vya kuzuia kutoroka, yanayotegemea nidhamu ya mfungwa mwenyewe, kuwa ndiyo yanayomsaidia zaidi mfungwa aliyechaguliwa kwa uangalifu. Sisitizo liko hapo, kwa uangalifu.

Sasa kwetu. Kisheria hatuanzi na sifuri. Tuna Sheria ya Bodi za Parole ya 1994, inayomwezesha mfungwa anayekidhi masharti kumalizia sehemu ya kifungo uraiani. Tuna Sheria ya Huduma kwa Jamii ya 2002, ambayo kwa makosa ya kifungo kisichozidi miaka mitatu mtu anaweza kufanya kazi za jamii badala ya kwenda ndani. Na magereza yetu mengi ni ya mashamba tangu zamani. Hata familia kuwa gerezani si jambo geni, maana mama akifungwa na mtoto anayenyonya, mtoto huingia naye. Kinachokosekana ni mahali pa katikati, kwa mtu mwenye kifungo kirefu, ambapo anajitafutia na kuishi na watu wake huku bado ni mfungwa. Tofauti moja kubwa na India tuikubali: hapa mauaji ya kukusudia adhabu yake ni kunyongwa, kwa hiyo watu wa kosa hilo hawamo kwenye hesabu hii. Wangekuwa watu kama kaka, au walioiba wakatumikia sehemu kubwa.

Kuna jambo ambalo Wahindi hawana na sisi tunalo, nalo ndilo linaloniumiza kichwa. Pale Sanganer familia ndiyo inamfuata mfungwa. Mke anafunga virago. Mchaga afunge virago akiacha kihamba? Akirudi atakuta nusu imelimwa na ndugu wa mume, na migomba mipya imeshapandwa. Shemeji yangu asingethubutu kuondoka hata kama serikali ingempa nyumba ya matofali. Na wala kambi haiwezi kuwa kijijini, maana familia ya marehemu iko hapo hapo, ng'ambo ya mfongo, mfereji wetu wa maji. Huwezi kumwambia mama aliyezika mwanawe kwamba kila asubuhi atamwona aliyemuua akipita na jembe.

Ndiyo maana naiwazia tambarare. Watu wa mlimani tumekuwa na mashamba ya chini toka enzi za mababu, mama zetu walikuwa wakishuka msimu wa masika kulima mahindi na maharage na kupanda tena na majani ya ng'ombe kichwani. Maisha ya miguu miwili, huku kihamba na kule shamba la chini, tunayajua. Kambi ya wazi huko chini, karibu na viwanda na mashamba yanayohitaji vibarua, ingemwezesha mke kukaa na mume kwa vipindi na kupanda mlimani kwa vipindi, bila kihamba kubaki mikononi mwa wajanja. Watoto wakae anakoona mama panafaa.

Na hapa nitakuwa mkali kidogo. Uamuzi uwe wa mke. Aulizwe peke yake, mbali na mume na mbali na wazee wa ukoo, na akisema hapana iwe hapana bila kutoa sababu. Mwanaume aliyefungwa kwa kumpiga mkewe au kumdhuru mtoto asipewe nafasi hii kabisa. Familia si dawa ya kumtuliza mfungwa, ni watu. Nimeona humu wachangiaji wanaandika kana kwamba mke ni kifaa cha kurekebisha tabia ya mume, nikasikitika.

Upande wa waliokosewa nao uwe na sauti kabla mtu hajahamishiwa kambini. Sisi Wachaga tuna isale, jani la mmea ule ule wa mipaka. Aliyekosa akipeleka isale kwa mkosewa anaomba msamaha kwa namna ambayo Mchaga hawezi kuidharau. Baba alilipeleka kwa familia ya yule kijana wakati kaka bado yuko ndani. Mara ya kwanza hawakutoka nje. Baadaye walipokea, tukakaa, maneno yakasemwa, machozi yakatoka pande zote. Mtoto wao hakurudi, na hakuna aliyejifanya yamekwisha, lakini watoto wa nyumba hizi mbili leo wanapita njia moja kwenda shule. Kazi hiyo ilifanywa na wazee bila gereza kuhusika, na mimi naamini ingepaswa kuwa sehemu ya safari ya mfungwa kutoka ukutani kwenda kambini.

Kuhusu dada yako, maana najua ndilo linalokusumbua: kambi ya namna hii kwetu bado haipo, asije mtu akamwahidi na kumlia hela. Amwone afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, na kule gerezani waulize wazi kama kifungo cha shemeji yako kinaweza kuangaliwa na bodi ya parole, na kama kosa lake limo kwenye yale yaliyoenguliwa. Siku za kutembelea, kila inaporuhusiwa aende na mtoto mmoja kwa zamu, na aende na ripoti ya shule baba aione na amuulize mtoto maswali, hata kama dakika ni chache. Hilo sisi hatukulifanya na ningependa ninyi mlifanye.

La haraka zaidi ni ardhi. Kama kuna shamba au kiwanja, kikao cha ukoo kikae sasa hivi wakati mume yupo hai na anaweza kutoa kauli yake kwa maandishi, mipaka itajwe, mwenyekiti wa kijiji au mtaa asaini na mashahidi wa pande zote mbili. Kwetu tulichelewa mpaka baba mdogo alipong'oa masale. Nakala ya muhtasari wetu ninayo, ukiihitaji niandikie inbox nikutumie uone ulivyopangwa.