Jibu: Mtoto akiuliza uhuru una maana gani

Mama mwenzangu, umeuliza umjibu nini kijana wako anayesema Jamhuri ni siku ya kulala tu. Wangu nilimwanzia na kipande, kile kitambulisho cha lazima cha enzi za mkoloni hapa Kenya. Kuanzia 1920, mwanamume Mwafrika wa miaka 16 kwenda juu alilazimika kukibeba, wengi wakikining'iniza shingoni ndani ya kikopo cha chuma. Babu yangu alikuwa kibarua kwenye shamba la mzungu hapa Nakuru. Mwajiri asipotia sahihi kwenye kipande, hukuweza kuhama kazi.

Nilitoboa mkebe wa rangi ya viatu, nikamvisha binti yangu kwa kamba. Jioni kamba ilikuwa imemwachia mstari mwekundu shingoni. Akaushika, akanyamaza. Siku ya Jamhuri, tarehe 12 Desemba, wimbo wa taifa ulipoanza redioni, alisimama bila kuambiwa. Nililia, dada.